Fahamu Mifereji ya Roma: Maji ya Bure Mtaani, Matao Marefu na Wezi wa Mabomba

Ukiona picha za yale matao marefu ya mawe ya Warumi, ni rahisi kudhani ni daraja la kitambo ama ukuta wa jeshi. Zii. Hiyo ni laini ya maji. Pale juu kabisa, penye macho hayafiki, kuna mtaro uliofunikwa, na ndani yake maji yalikuwa yanateremka mchana na usiku kutoka milimani hadi mjini. Hakukuwa na pampu, stima wala injini.

Warumi waliita kitu hiyo aquae ductus, maneno ya Kilatini yenye maana ya kuongoza maji. Hapa tutaiita tu mfereji. Mji wa Roma peke yake ulijengewa mifereji 11 mikubwa kwa muda wa miaka zaidi ya 500, na ukiiunganisha yote unapata kama kilomita 500. Mingine mingi ilijengwa kila mahali Warumi walitawala, kuanzia Uhispania na Ufaransa hadi Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati.

Lakini kuna kitu vitabu vya shule husahau kusema. Kuleta maji mjini ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ingine ilikuwa kuhakikisha maji yakifika, yanamfikia mtu wa kawaida kwa mtaa kabla masonko na wezi hawajayanyonya njiani. Hiyo vita ilienda miaka nenda miaka rudi, na tunaijua vizuri ju mdosi mmoja wa maji aliketi chini akaandika kila kitu. Tutafika kwake.

Warumi hawakuwa wa kwanza

Tuweke ukweli mezani kwanza. Kuongoza maji kutoka mbali ni akili iliyokuwepo kabla Roma haijakuwa mji wa maana. Sennacherib, mfalme wa Ashuru, alijenga mfereji wa kupeleka maji Ninawi, na daraja lake la mawe pale Jerwan, kaskazini mwa Iraki ya leo, ni la karibu mwaka wa 690 KK. Huko Uajemi watu walikuwa wanachimba qanat, yaani mahandaki marefu ya kutoa maji chini ya milima na kuyapeleka kwa mashamba. Na kwa kisiwa cha Samos, Ugiriki, injinia anaitwa Eupalinos alitoboa mlima katika karne ya 6 KK. Handaki lake lina zaidi ya kilomita moja, na lilichimbwa kutoka pande zote mbili hadi wachimbaji wakakutana katikati.

Kile Warumi waliongeza ni ukubwa na kurudia. Walichukua hiyo akili wakaijenga tena na tena, mji baada ya mji, hadi maji yanayotiririka mtaani yakawa kitu cha kawaida.

Stori inaanza na mse kuchezwa

Kwa muda mrefu watu wa Roma walikunywa maji ya mto Tiber, ya visima na ya chemchemi za karibu. Mji ulipozidi kujaa, hayo maji hayakutosha.

Mwaka wa 312 KK kulikuwa na wakubwa wawili wa serikali, cheo chao kikiitwa censor: Appius Claudius na Gaius Plautius. Plautius ndiye aliyezunguka akitafuta chemchemi nje ya mji hadi akazipata, na watu wakambandika jina la Venox kwa ajili ya hiyo kazi. Sasa, kulingana na stori iliyoandikwa baadaye na Frontinus, Plautius aliingizwa boksi. Aliaminishwa kwamba wote wawili wangeng'atuka baada ya miezi 18. Yeye akajiuzulu kama muungwana. Appius akakwama kwa kiti, akasukuma mradi hadi ukakamilika, na mfereji ukapewa jina lake: Aqua Appia. Mwaka huo huo alianzisha ile barabara maarufu, Via Appia, nayo pia ikabeba jina lake. Aliyetafuta maji ndiye leo lazima ueleze alikuwa nani.

Aqua Appia ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 16, na karibu yote ilikuwa chini ya ardhi. Sehemu iliyokuwa juu ya matao haikufika hata mita 100.

Orodha ya mifereji 11 ya Roma

Hii hapa, kwa mpangilio wa miaka:

1. Aqua Appia, 312 KK. Ya kwanza kabisa.

2. Anio Vetus, ilianzishwa 272 KK. Doo ya kuijenga ilitoka kwa mali iliyotekwa kwenye vita dhidi ya mfalme Pyrrhus. Maji yake yalitoka mtoni na yalikuwa na matope, kwa hivyo baadaye yalitumika zaidi kumwagilia bustani na kwa kazi chafu.

3. Aqua Marcia, 144 KK. Kilomita kama 91. Ilisimamiwa na Quintus Marcius Rex, na maji yake yalisifiwa kwa ubaridi na usafi. Hii ndiyo iliyoanza kuingia mjini ikiwa juu ya matao marefu.

4. Aqua Tepula, 125 KK. Jina linamaanisha vuguvugu, na kweli maji yake yalikuwa vuguvugu.

5. Aqua Julia, 33 KK. Kazi ya Marcus Agrippa, mkono wa kulia wa Augustus.

6. Aqua Virgo, 19 KK. Agrippa tena. Inasemekana msichana mdogo ndiye aliwaonyesha wanajeshi chemchemi yake, na jina likatoka hapo.

7. Aqua Alsietina, 2 KK. Ya Augustus. Maji yake hayakuwa ya kunywa. Yalijaza bwawa la maonyesho ya vita vya meli.

8. Aqua Claudia, iliyoanzwa na Caligula mwaka wa 38 BK na kumalizwa na Claudius mwaka wa 52 BK.

9. Anio Novus, iliyojengwa pamoja na Claudia. Mtaro wake ulipitishwa juu ya mtaro wa Claudia kwenye matao hayo hayo.

10. Aqua Traiana, 109 BK. Ya Kaizari Trajan.

11. Aqua Alexandrina, 226 BK. Ya mwisho.

Kuhusu Agrippa kuna ka-stori kamoja. Wakati mmoja watu walilalamika kwa Augustus kwamba divai imekuwa bei mbaya. Augustus akawakumbusha kuwa mkwe wake Agrippa ameshaleta maji ya kutosha, kwa hivyo hakuna mtu atakufa na kiu. Kesi ikaishia hapo.

Ilifanyaje kazi bila pampu?

Siri yote ni mteremko. Maji hushuka yenyewe ukiyapa njia inayoinama. Shida ni kuinamisha hiyo njia kiasi tu, kwa makumi ya kilomita. Ukiinamisha sana, maji yanaenda mbio yanakula mtaro. Ukiinamisha kidogo sana, yanasimama na matope yanajaa.

Mfano mzuri ni mfereji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Chemchemi na mji viko umbali wa kama kilomita 20 ukipiga laini moja kwa moja. Lakini katikati kuna vilima, kwa hivyo mfereji ulizunguka ukawa kilomita 50. Kwa hiyo safari yote, maji yalishuka mita 12.6 pekee. Hebu fikiria: kwa wastani ni kama sentimita 25 kwa kila kilomita. Urefu wa rula ya kawaida haujafika, na umetembea kilomita nzima. Mahali mfereji huo ulivuka mto Gardon, walijenga daraja la ghorofa tatu za matao, karibu mita 49 kwenda juu. Ndilo Pont du Gard, na liko hadi leo.

Walipimaje? Vitruvius, msanifu majengo aliyeandika katika karne ya 1 KK, anaeleza kifaa kinaitwa chorobates. Ilikuwa kama meza nyembamba ndefu ya futi 20, yenye kamba za timazi pembeni na kijishimo cha maji juu. Upepo ukisumbua kamba, unamwaga maji kwa hicho kijishimo na kuangalia kama yamelala sawa. Fundi yeyote wa mjengo mwenye pima maji anaelewa hiyo mambo.

Halafu kuna hii: sehemu kubwa ya mifereji ya Roma, zaidi ya asilimia 80, haionekani. Ilipita chini ya ardhi. Kuchimba kulikuwa na faida zake. Maji yanabaki baridi, jua na uchafu haviyafikii, na adui haoni laini yako inapita wapi. Matao yalijengwa tu penye hakukuwa na njia ingine, kama bonde au ile tambarare ya mwisho kabla ya mji, ili maji yafike yakiwa bado juu na yaweze kugawiwa hadi kwa mitaa ya vilimani.

Mtaro wenyewe ulijengwa kwa mawe ama zege, halafu ndani ukapigwa plasta ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa. Hiyo plasta haikupitisha maji. Juu kulikuwa na mashimo ya kuteremkia, ili mafundi waingie kusafisha. Njiani kulikuwa na matangi ya kutuliza maji, tope linakaa chini na maji safi yanaendelea na safari.

Na bonde likiwa refu sana kushinda daraja? Hapo walitumia sifoni. Maji yanaingia kwa mabomba ya risasi yaliyofungwa kabisa, yanashuka bondeni, na presha inayasukuma yapande upande wa pili hadi karibu na kimo yalipotoka. Mji wa Lyon, Ufaransa, ulikuwa na mifereji minne na sifoni kadhaa za aina hii.

Handaki lililopotea ndani ya mlima

Usidhani kila mradi ulienda fiti. Twende Saldae, mji wa bandari ambao leo unaitwa Béjaïa, nchini Aljeria. Katikati ya karne ya 2 BK, mji huo ulikuwa unajengewa mfereji, na mlima ulikuwa umesimama njiani. Plani ilikuwa kutoboa handaki la mita 428. Aliyepima na kuchora alikuwa Nonius Datus, injinia wa jeshi la Kirumi. Alipanda alama za njia juu ya mlima, akawaachia wajenzi kazi, akaenda zake.

Mbogi mbili zikaanza kuchimba, moja kila upande. Zikachimba, zikachimba. Siku ikafika wakagundua urefu waliochimba ukiujumlisha umepita upana wa mlima wenyewe, na bado hawajakutana. Kila upande ulikuwa umehama laini. Watu walikata tamaa, wengine wakitaka mradi uachwe.

Gavana akaandika barua: turudishieni Nonius Datus. Wakati huo alikuwa ameshastaafu. Akafunga safari, na njiani wakora wakamvamia. Walimvua nguo, wakamuumiza, akaponea na watu wake. Alipofika, alipima upya, akaonyesha kila upande ulikosea wapi, akagawa kazi kati ya wanamaji na askari wa milimani ili washindane. Handaki likaunganishwa. Maji yakafika Saldae.

Tunajua haya yote ju stori hiyo ilichongwa kwa jiwe, likasimamishwa Lambaesis, penye kikosi chake kilikuwa. Kwa hilo jiwe kuna vichwa vitatu vya wanawake na maneno matatu: subira, ujasiri na tumaini. Mtu aliyepitia yake yote aliona hizo ndizo zana zake.

Kando ya Aljeria, pale Tunisia, kuna mfereji mwingine mkubwa uliotoa maji Zaghouan hadi Carthage, safari ya zaidi ya kilomita 90. Vipande virefu vya matao yake vingali vimesimama.

Maji yalikuwa ya nini?

Yakifika mjini, maji yaliingia kwa tangi la kugawa. Kutoka hapo yalienda mahali pa aina tatu.

Kwanza, mabeseni ya umma mtaani. Haya ndiyo yalikuwa moyo wa kitu chote. Frontinus alihesabu 591 kwa mji wa Roma. Mwananchi wa kawaida aliishi kwa ghorofa ya kukodisha bila maji ndani. Alibeba mtungi akateka kwa beseni la karibu, bure, saa yoyote. Maji hayakufungwa usiku, yalitiririka tu.

Pili, bafu za umma na majengo mengine ya serikali. Bafu hazikuwa za kuoga tu. Watu walienda kupiga stori, kufanya mazoezi na kutafuta dili. Kiingilio kilikuwa sarafu ndogo, na maskini na tajiri waliloweka miguu kwa dimbwi moja. Bafu za Caracalla, zilizofunguliwa mwaka wa 216 BK, zilikuwa kubwa kama mtaa.

Tatu, keja za watu wenye nazo. Kuvutiwa laini ya kibinafsi ilikuwa hadi upewe ruhusa na Kaizari. Na ruhusa hiyo ilikuwa yako wewe, haikuwa ya nyumba. Ukiuza keja ama ukidedi, inaisha. Mrithi wako anaomba upya.

Maji yaliyomwagika hayakupotea bure. Yaliosha mitaro ya taka hadi mtoni. Kwingine yalisukuma mashine: pale Barbegal, karibu na Arles huko Ufaransa, mfereji ulizungusha magurudumu 16 ya kusaga unga, yaliyopangwa kama ngazi kwa mteremko wa kilima.

Sasa wezi wanaingia

Mwaka wa 97 BK Kaizari Nerva alimteua Sextus Julius Frontinus kuwa msimamizi mkuu wa maji ya Roma. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amekuwa konsuli na gavana wa Britania. Wakubwa wengi wa cheo kama chake wangekaa ofisini na kuacha mafundi wafanye watakavyo. Yeye aliamua kujifunza kazi kutoka chini, akapima, akakagua vitabu na kuandika kitabu kizima kuhusu mifereji.

Cha kwanza alichogundua ni hesabu isiyoingia akilini. Kipimo cha maji kiliitwa quinaria, yaani ukubwa fulani wa bomba. Kwa rekodi za serikali, maji yaliyoingia mjini yalikuwa quinaria 12,755. Yaliyogawiwa yalikuwa 14,018. Soma tena. Yanatoka mengi kuliko yanayoingia.

Frontinus akaenda hadi kwenye vyanzo kupima mwenyewe, akapata yanayoingia ni mengi sana kuliko yaliyoandikwa. Maana yake ni kwamba kuna maji mengi yalikuwa yanatoka milimani, hayako kwa vitabu, na hayafiki kwa mabeseni. Njia yake ya kupima haikuwa kamili, ju alihesabu zaidi upana wa bomba kuliko kasi ya maji. Lakini alipofuatilia, wezi aliwapata kweli:

Wakulima waliokuwa na mashamba kando ya mfereji walitoboa mtaro na kumwagilia bustani zao.

Wenye ruhusa walivuta zaidi ya kile walichopewa. Sheria ilitaka kila laini ianze na kipande cha shaba kilichopigwa muhuri wa ukubwa wake. Mafundi waliweka kikubwa zaidi, ama kisicho na muhuri, ama wakakiweka chini zaidi kwa tangi ili kivute kwa nguvu.

Ruhusa ikihamia kwa mtu mpya, mafundi walitoboa shimo jipya kwa tangi na kuacha lile la zamani wazi. Hilo la zamani likawa biashara yao wenyewe.

Halafu kulikuwa na wale waliotoboa mabomba chini ya barabara na kuunganishia watu kimya kimya. Walikuwa wengi hadi kazi yao ikawa na jina lake. Frontinus alipong'oa hizo laini za wizi, risasi iliyotolewa chini ya mji ilikuwa rundo la maana.

Na wafanyakazi wenyewe? Kulikuwa na watumwa 700 wa maji. Kama 240 walikuwa mbogi ya Agrippa, aliyomwachia Augustus alipokufa, na Augustus akaipa serikali. Wengine 460 waliongezwa na Claudius. Kati yao kulikuwa na walinzi wa matangi, wakaguzi wa njia, mafundi wa plasta na watu wa kurudishia mawe ya barabara baada ya kuchimba. Hawa ndio walioingia kwa ile mitaro ya giza kukwangua chokaa iliyoganda. Lakini kwa kitu kidogo, manyapara walikuwa wakiwatuma kufanya kazi za watu binafsi. Frontinus akaanza kuandika leo kila mtu atafanya nini kesho, na jioni kurekodi alichofanya.

Sheria zilikuwepo kabla yake, na zilikuwa kali. Tangu mwaka wa 9 KK, mtu akitoboa ama kuharibu mfereji kwa makusudi faini ilikuwa sesterti 100,000. Mshahara wa askari wa kawaida wakati huo ulikuwa kama sesterti 900 kwa mwaka, kwa hivyo angehitaji zaidi ya miaka 110 kulipa. Pia ilikatazwa kujenga ama kupanda miti karibu na mfereji, futi 15 kila upande wa matao. Wizi uliendelea, kwa sababu wale wa kukulinda ndio walikuwa wanauza.

Uzembe nao ulikuwa adui. Ile Aqua Claudia iliyogharimu pesa nyingi haikukaa hata miaka 20 kabla ya kuharibika, na ikakaa miaka tisa bila kufanya kazi hadi Kaizari Vespasian alipoirekebisha mwaka wa 71 BK. Tunajua ju mwenyewe alichonga hiyo habari ukutani pale Porta Maggiore, chini kidogo ya jina la Claudius.

Je, mabomba ya risasi yaliwaua Warumi?

Hii ni ile stori huzunguka sana: ati Roma ilianguka kwa sababu watu walikuwa wanakunywa sumu ya risasi. Ni kweli mabomba mengi ya mjini yalikuwa ya risasi. Ni kweli pia Warumi walijua hatari yake. Vitruvius alishauri watu watumie mabomba ya udongo, akionyesha vile mafundi wa risasi walivyopauka ngozi.

Lakini kuna mambo mawili yaliwaokoa. Maji ya Roma yalikuwa na chokaa nyingi, iliyojipaka ndani ya bomba kama ganda. Na maji yalikuwa yanatembea kila wakati, hayakulala bombani. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2014 ulipima tope la kale la bandari ya Roma na kukadiria maji ya bomba yalikuwa na risasi mara kama 100 kushinda ya chemchemi, ila watafiti hao hao wakasema huenda haikutosha kudhuru watu kwa kiwango kikubwa. Kusema ndiyo ilimaliza Roma ni kuongeza chumvi.

Venye maji yalikatika

Mwisho wake ulikuja na vita. Mwaka wa 536 BK, Belisarius, jenerali wa Kaizari Justinian, alikuwa amezingira Naples bila kupata mlango. Askari wake mmoja akachungulia ndani ya mfereji uliokatwa na kuona njia. Wakapanua mahali palipokuwa pamebana bila kelele, na usiku wanajeshi wakatembea ndani ya mtaro hadi katikati ya mji. Naples ikaanguka.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Sasa Belisarius ndiye alikuwa ndani ya Roma, na Wagothi wa mfalme Vitiges wako nje. Wagothi wakakata mifereji. Belisarius, akikumbuka ujanja wake mwenyewe, akaiziba kwa mawe upande wa ndani ili asichezwe vile alicheza wengine. Vinu vya unga vilivyotegemea maji ya mfereji vikasimama. Ndipo akaamuru mashua zifungwe pamoja juu ya Tiber na magurudumu yawekwe katikati yake, mto uzungushe. Wagothi walipotupa magogo na maiti majini ili kuvunja magurudumu, akatandaza minyororo kuvuka mto ikawanasa.

Baadhi ya mifereji ilirekebishwa baadaye, lakini pesa na watu wa kuitunza walikuwa wameisha. Mji uliowahi kuwa na watu wanaokadiriwa kufika milioni moja ukabaki na makumi ya maelfu. Vilima vilivyokuwa na maji vikawa mahame, na waliobaki wakasogea karibu na mto. Wakarudi kuchota Tiber na kwa visima, kama watu wa kabla ya Appius na Plautius.

Leo imebaki nini?

Aqua Virgo haikufa kabisa, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa chini ya ardhi. Papa Nicholas V aliirekebisha mwaka wa 1453, na laini hiyo ndiyo iliyozaa Chemchemi ya Trevi, iliyokamilika mwaka wa 1762. Pale ndipo watalii hurusha sarafu begani, na hizo sarafu hukusanywa kusaidia wasiojiweza.

Mapapa wengine walifuata. Acqua Felice ya miaka ya 1580 ilitumia hata mawe ya mifereji ya zamani. Na ukitembea Roma leo utapata vijibomba vya chuma mtaani, watu wa huko huviita nasoni, yaani pua kubwa. Vilianza kuwekwa miaka ya 1870. Maji yake hutiririka tu, safi na baridi, na hakuna mtu wa kukuuliza doo.

Kwa hivyo ukiona tena picha ya yale matao, kumbuka yalikuwa na mtaro juu, na mwisho wa mtaro kulikuwa na beseni la mawe kwa kona ya mtaa. Beseni likijaa, mama wa ghorofa ya juu alishuka na mtungi wake akapanda nao ukiwa umejaa. Likikauka, kuna mtu mahali alikuwa ametoboa bomba.